Kiti Chako Kiko Wazi

Ko. Ko. Ko-ko.

Nyundo juu ya bati. Nilikuwa bado nimefumba macho, nimelala kwenye godoro la mama mudogo Bénédicte, na ile nyundo ilikuwa inagonga mara nane, inapumzika, inagonga nane tena. Hakuna fundi anayegonga bati hivyo kwa bahati. Nyundo ilikuwa inafuata shairi. Nililijua kabla sijasikia hata neno moja.

Halafu sauti ya mwanamke ikapanda juu ya nyundo:

*Njoo Orly uketi, kiti chako kiko wazi,*
*Tumetandika busati, mama anapiga pozi.*

Pozi!

Mimi niliandika chozi. *Mama hajafuta chozi.* Mtu alikuwa amechukua chozi la mama yangu akalivalisha miwani ya jua.

Msomaji aliyenifuata tangu mwanzo anaelewa kwa nini niliruka kitandani kama niliyeumwa na nge. Aliyenifikia leo nitampa maneno machache tu. Mimi ni Yves wa Mahagi. Ushairi sikufundishwa na mtu; nilihesabu mizani kwa vidole nikichunga ng'ombe wa mjomba. Miaka miwili iliyopita, lori alilopanda kaka yangu Nicolas lilishambuliwa njia ya Djugu. Tulipata mfuko wake na kiatu kimoja. Mwili hatukuuona. Siku ya mwisho ya matanga nilisimama nikatoa shairi la majina tisa: wafu wanane wa ukoo wetu, na wa tisa Nicolas. Shairi lile ndilo kaburi lake. Lingine hana.

Mwezi uliopita nikalisikia sokoni Mahagi, linatoka kwenye redio ya pikipiki, lina gitaa, lina sauti ya mtu mwingine. Na jina la Nicolas halimo.

"Ni Sébastien huyo," wakaniambia. "Wa Bunia. Mtaa wa Lumumba, kule kwa mafundi."

Ijumaa nikapanda gari. Nilikuwa na siku mbili, na hasira ya kunitosha mwaka mzima.

Nikatoka uani na shati mkononi. Mbele ya nyumba ya mama mudogo, msichana mmoja alikuwa amechuchumaa kati ya makopo ya rangi, ananyoosha bati la tairi la pikipiki, lile la kuzuia matope. Rangi ya njano ilikuwa imemfika mpaka sikioni.

"Mugeni ameamuka!" akasema. "Mi njo Orly. Naandika mabati ya pikipiki na vibao vya maduka. Mama Bénédicte aliniambia weye unapenda kazi za wasanii."

"Napenda sana," nikasema.

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa siku hizo mbili.

"Wimbo huo ni wa nani?"

"Wa Sébastien! Mahagi hamusikie redio? Na mi niko ndani, hukusikia? *Njoo Orly.* Ile njo libanga yangu."

Libanga kila mtu wa huku analijua: mwimbaji anataja jina lako katikati ya wimbo, na wewe unatembea kichwa juu mwezi mzima. Tunasema amekutupia libanga.

"Na maneno aliandika nani?"

"Sébastien mwenyewe. Sasa nani mwingine? Weye?"

Akacheka. Nikacheka pia, kwa meno tu.

"Vaa shati," akasema, "nikutembeze. Huwezi kulala Lumumba bila kuona avenue ya Mafundi. Utarudi Mahagi umekuwa mutu."

Nikavaa shati. Nilikuwa nimekuja kutafuta mtu mmoja, na mwenyeji alikuwa anajitolea kunionyesha njia. Nani angekataa?

Avenue ya Mafundi si ndefu. Ukitupa jiwe mara tatu umeimaliza. Lakini kila mlango una kitu. Mmoja anachomelea wanyama kwa minyororo ya pikipiki. Nilimwona okapi wa kimo changu, miguu yake ni mabomba ya moshi. Mwingine anashona makoti kwa mifuko ya mchele. Watoto wanacheza ngoma mbele ya ukuta uliochorwa nyuso za watu wa mtaa, na mwenye uso anasimama chini ya uso wake anauza sabuni. Siku nyingine ningelia kwa furaha. Tangu utoto nilikuwa naota mahali ambapo watu wanaamka asubuhi na kutengeneza kitu ambacho hakikuwepo jana.

Siku ile nilitaka kuwasha moto.

Kwa sababu kaburi la Nicolas lilikuwa kila mahali. Kwenye kioo cha kinyozi: TUMETANDIKA BUSATI. Kwenye mgongo wa fulana, herufi nyekundu: NJOO UKETI. Na kwa seremala, juu ya viti ishirini vilivyopangwa barabarani, kibao kikubwa chenye mkono wa Orly: KITI CHAKO KIKO WAZI.

"Hii maneno inauza, mudogo wangu," seremala akaniambia. Anaitwa Grégoire, mtu mnene, penseli nyuma ya sikio. "Tangu Orly aliniandikia, batu banapita, banacheka, banakaa. Mwenye amekaa atanunua. Kaa basi!"

"Nimesimama vizuri."

"Kaa! Kiti iko wazi!"

"Nimesema nimesimama."

Akamwangalia Orly. "Huyu mugeni wako alikula pilipili ya nani?"

"Bamahagi njo hivyo," Orly akasema. "Baache bapoe."

Sikupoa. Kiti nilichokiandika mimi kilikuwa cha Nicolas, kile cha kamba kilichobaki karibu na mlango wa jikoni, ambacho mama hataki mtu akikalie mpaka leo. Hawa walikuwa wanauza viti vyake ishirini kwa siku.

Mlango uliofuata ulikuwa wa fundi cherehani, dada mmoja aitwaye Musoki. Alikuwa ameinamia kanzu ndogo nyeupe ya ubatizo, ndogo kama kiganja changu na nusu. Anadarizi kwa uzi wa dhahabu. Nikasogea nisome.

*Njoo Christella uketi.*

"Nani Christella?" nikauliza.

"Mujukuu wangu!" ikajibu sauti nyuma yangu.

Mama Hortense. Mfanyabiashara wa vitenge, mwanamke wa kujaza mlango. Aliingia na mtoto mgongoni, analala mdomo wazi, miezi mitatu haifiki.

"Kesho anabatizwa," akasema. "Misa ikitoka, fete, karamu ya batizo, inakuwa hapa hapa, katika hii avenue. Na Sébastien atamutupia libanga. Njo ya tisa. Majina munane yote yalikuwa ya bakubwa ba mutaa. Mi nikamwambia: Sébastien, ya tisa ni ya Christella wangu, ao usikanyage kwangu tena!"

"Ya tisa," nikasema.

"Ya tisa. Haikuwa na mutu. Ilikuwa inapita bure."

Nafasi ya tisa ni ya Nicolas.

Sasa sikiliza, msomaji. Katika shairi langu kuna ubeti mmoja wa kwanza ambao Bunia haikuwa imeusikia. Niliutoa pale matangani, lakini aliyerekodi kwa simu alichelewa kubonyeza, ndiyo maana wimbo wa Sébastien unaanzia kwenye *Njoo*. Bila ubeti ule, unasikia mtu anakaribishwa kwenye karamu. Ukiusikia, unajua kwamba anayeitwa yuko chini ya udongo.

Kwa hiyo kichwani mwangu mambo yakajipanga. Watu wanane wazima walikuwa wamejiandikisha kwa mdomo wao wenyewe katika orodha ya marehemu. Na kesho angeongezwa wa tisa, akiwa amevaa nyeupe.

Ningeweza kusema pale pale. "Mama Hortense, usimtie mtoto humo, ni shairi la matanga." Sekunde tano. Angemaka, angenishukuru, angempa Sébastien maneno yake faraghani, na basi.

Sikusema. Nilitaka watu. Nilitaka avenue nzima iwepo, na vigelegele vyote, ili vinyamaze kwa mara moja. Naandika hili bila kujitetea. Nilimwangalia yule mtoto akilala, nikamwacha aendelee kulala.

"Kanzu ni nzuri," nikamwambia Musoki.

Saa tisa Orly akanipeleka studio. Ni chumba kimoja, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isitoroke. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na jambazi. Nikakutana na kijana mwembamba anayekula muhogo na karanga, akasimama, akafuta mkono kwa suruali, akanipa.

"Mbote, ndeko," akanisalimia kwa Kilingala. "Orly anasema weye mutu wa mashairi. Kule Mahagi muko munayasomea bangombe?"

"Ng'ombe husikiliza mpaka mwisho," nikasema. "Hawakati mwanzo."

Hakuelewa. Akacheka sana, akajipiga paja.

"Huyu namupenda! Kula muhogo."

"Nimeshiba. Wimbo wako wa *Njoo*, ulitoka wapi?"

Nilimwangalia machoni. Nilitaka aone haya hata kidogo. Akainua mabega.

"Ulitoka hewani. Mutu alinitumia sauti kwa simu, naye alitumiwa, naye alitumiwa. Mi nikaweka gitaa. Mule kulikuwa chozi, nikatoa, batu banataka kucheza, bamechoka kulia."

"Hukumtafuta mwenye maneno?"

"Ningemutafuta wapi? Sauti haina adresi, masta. Akija nitamukumbatia."

Ulimi ulikuwa tayari. Nikaumeza.

"Kesho," nikasema, "kwenye fete ya Mama Hortense. Nina ubeti mmoja. Mistari minne tu. Unipe nafasi baada ya wimbo wako."

"Minne? Chukua kumi! Siye hapa hatunyimi mutu mikro." Akanipa kipande cha muhogo kwa nguvu. "Kula, kesho utatetemeka."

Nilikula muhogo wake. Ulikuwa mtamu, na hilo pia liliniudhi.

Jumapili, misa ilipotoka, avenue ya Mafundi ilikuwa imefungwa kwa viti vya Grégoire kutoka ukuta mpaka ukuta. Sufuria za sombe ya majani ya muhogo, samaki wa ziwani, wali. Okapi wa chuma alikuwa amevikwa riboni. Mama mudogo Bénédicte alikaa safu ya mbele kwa sababu ya nywele zake mpya. Christella alikuwa mapajani mwa bibi yake, ile kanzu inang'aa.

Sébastien akapanda kwenye meza mbili zilizounganishwa. Gitaa likaanza. Watu wakasimama wote.

*Njoo Orly uketi.* Kelele. *Njoo Grégoire.* Seremala akainua kiti juu ya kichwa. Jina baada ya jina, kila mtu akiitwa anapunga kitambaa kana kwamba amechaguliwa kuwa gavana. Nilikuwa nahesabu kwa vidole. Sita. Saba. Nane.

"Na sasa," Sébastien akasema, gitaa limeshuka, "mudogo kuliko bote!"

*Njoo Christella uketi, kiti chako kiko wazi...*

Hortense akamwinua mtoto juu kwa mikono miwili. Vigelegele vilipanda mpaka mabati yakalia. Mama wa mtoto alikuwa analia kwa furaha.

"Bandugu!" Sébastien akapiga makofi. "Leo tuko na mushairi kutoka Mahagi. Mumupe sikio!"

Nikapanda. Miguu haikutetemeka. Nikamwambia mpiga gitaa, "Acha." Nikaangalia watu wale wote wenye furaha, nikatoa kwa sauti ile ile niliyoitumia matangani, polepole, kila mzani mahali pake:

*Nyamazeni majirani, vigelegele si hapa,*
*Nawaita walo chini, udongo umewakopa,*
*Kila jina la kinywani, ni la aliye mifupa,*
*Aliye hai jamani, kumtaja naogopa.*

"Huu," nikasema, "ni ubeti wa kwanza wa wimbo mliocheza sasa hivi. Niliutunga mimi, Yves, siku tulipomlilia kaka yangu. Huyu Sébastien aliufukua kaburini, akawatoa wafu wetu, akawaweka ninyi."

Nilisikia mafuta yakikaanga samaki.

Kisha Grégoire akakiacha kiti kikaanguka.

"Ati nini?" akasema. "Mi niko katika shairi ya matanga? Mi muzima?"

"Wa pili kutoka mwanzo," nikamjibu.

Msomaji, nitakuwa mkweli: utamu wa dakika ile siwezi kuuandika. Miaka miwili nilikuwa nimeubeba kama jipu, na sasa lilipasuka. Wanawake walishika vichwa. Mchomelea vyuma alipiga ishara ya msalaba mara tatu. Mtu aliipiga meza teke, nikaruka chini. Orly alisimama katikati, mdomo wazi, rangi ya njano bado sikioni.

Halafu nikamwona Hortense.

Hakupiga kelele. Alimlaza mtoto mapajani, akaanza kumvua ile kanzu. Vidole vyake vilikuwa vinakosa vifungo. Mtoto akaamka akalia. Hortense akaitupa kanzu chini, akamfunika Christella uchi kwa kitenge chake mwenyewe, masikio na yote. Kisha akachukua beseni la maji ya kunawia mikono, akamfuata Sébastien, akamwaga lote usoni mwake.

"Umemuzika mutoto wangu," akasema, "siku ya batizo yake. Mi nikapiga vigelegele!"

"Mama Hortense, sikujua..."

"Hukujua!" Akageuka kwangu. "Na weye? Jana ulisimama kwa Musoki. Ulisoma ile kanzu. Ulisema ni nzuri."

Niliiangalia ile kanzu chini.

"Ulijua," akasema. "Ulimuona amelala, na ulijua."

"Nilitaka haki yangu, mama."

"Haki yako ungeniomba jana ningekupikia kuku."

Watu walianza kuondoka na viti vyao. Mama mudogo alinipita bila kuniangalia. Nikasema moyoni: na waende. Nimelipiza. Jina la Nicolas limerudi mahali pake, na mwizi amelowa mpaka kwenye viatu.

Mwizi akanijia. Maji yalikuwa yanadondoka kidevuni. Nilikunja ngumi, nikamsubiri.

Hakuwa na uso wa aibu, wala wa hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

"Ile ubeti," akasema. "Unasema kweli? Majina yote tisa ya mwanzo ni ya batu bamekufa?"

"Yote."

"Na Nicolas?"

"Nicolas ndiye kaka yangu. Jina ulilolifuta kwanza kuliko yote."

"Mi sikulifuta, masta."

"Nani basi? Panya?"

"Nicolas."

Nilimshika shati. "Rudia."

"Alikuja mwenyewe. Mwezi wa tano. Aliacha pikipiki yake kwa Orly, akakaa mulango wa studio, anangojea rangi ikauke. Wimbo ulikuwa unapiga, wakati ule majina yalikuwa yale yale ya zamani, na chozi lilikuwamo bado. Aliposikia *Njoo Nikola* akasimama. Akaniambia: mukubwa, toa ile jina. Nikamuuliza juu ya nini? Akasema: ni yangu, na sitaki ipite barabarani. Nikatoa. Nafasi ikabaki. Orly akasema, kama munatoa majina basi weka langu, nikatoa jina la kwanza nikaweka lake. Kesho yake Grégoire akataka. Njo ilianza hivyo! Mi nilifikiri ni majina ya rafiki za mwenye kuandika tu."

"Nicolas wako wengi Congo hii."

"Ni kweli."

"Alikuwa analia?"

"Kulia? Alikuwa anacheka. Ameweka mukono kwa mudomo, hivi." Akanionyesha: kiganja kimegeuzwa nje, kama mtu anayejikinga jua. "Akasema, huyu mwenye kuandika anajua kazi. Akasema, lakini ameniwahi."

Nikaliachia shati lake.

Kaka yangu hucheka hivyo. Tangu alipovunjika jino la mbele akiwa na miaka kumi na mbili, hucheka akiwa amegeuza kiganja nje.

"Uongo," nikasema. "Uongo! Umeona umeaibika, sasa unatunga. Nani alikwambia kuhusu mkono wake?"

Orly alikuwa amesogea. Hakuniangalia mimi, alikuwa anapekua simu yake, kidole kinapanda kinashuka.

"Kila bati nikimaliza napiga picha," akasema polepole. "Ili mutu mwingine akija nimuonyeshe kazi. Mwezi wa tano... mwezi wa tano... Ni hii."

Akanipa.

Bati la tairi la nyuma, rangi ya bluu, bado mbichi. Herufi nyeupe za Orly: MAMA CLAIRE. Na mkono wa mwenye pikipiki umelishika pembeni. Mkono wa kushoto. Kidole cha kati kimeishia kwenye kiungo, kucha hakuna. Nilikuwepo msumeno wa mjomba ulipokikata. Mimi ndiye niliyekitafuta kwenye unga wa mbao.

Mama Claire ni mama yangu.

"Alisema anarudi wapi?" nikauliza.

"Epulu, ndani ya musitu," Sébastien akasema. "Iko na kazi kule. Na muke. Na mutoto, nafikiri."

Na mke. Na mtoto. Miaka miwili mama yangu hajavaa rangi. Miaka miwili tunaficha kiatu kimoja sandukuni kama mfupa wa mtakatifu. Na yeye anapita Bunia, anaandikisha jina la mama kwenye tairi, anasikia anavyoliliwa, anacheka, anawasha pikipiki.

Nyuma yangu mtu alivuta pumzi. Hortense. Hakuwa ameondoka, alikuwa amesimama na Christella ndani ya kitenge, amesikia kila kitu.

"Kumbe," akasema, "mwenye kuweka muzima katika shairi ya batu bamekufa, wa kwanza ni weye."

Mstari wangu wa nne, ule wa kuogopa kumtaja aliye hai, ulikuwa bado moto mdomoni.

Simu yangu ikalia. Jua lilikuwa bado juu, saa ile ile ambayo mama hunipigia kila Jumapili. Nikaangalia jina lake likimulika. Orly akasema, "Usijibu." Nikajibu.

"Yves, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Nasikia kimya. Bénédicte aliniambia kuna fete."

"Imeisha."

"Sikia. Tumekaa na shangazi zako. Jumamosi hii tunatoa nguo za matanga ya Nicolas. Tumechagua kitenge cha kijani. Nitavua hii nyeusi, Yves, nimechoka nayo, mwili wote unawasha. Utakuja kutusemea lile shairi?"

Sébastien alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mama, usivue bado."

"Juu ya nini? Padri amekwisha kupewa siku."

"Jumamosi nitakuja. Lakini usivue mpaka nifike."

"Unanitisha. Kuna nini huko?"

Nikaangalia picha ile kwenye simu ya Orly. Kile kidole. Zile herufi nyeupe. Hasira niliyokuwa nimeileta kutoka Mahagi kwa ajili ya Sébastien ilikuwa bado yote, haijapungua hata tone. Ilikuwa imegeuka tu upande wa kuangalia, kuelekea magharibi, kwenye barabara ya msitu.

"Nakuahidi, mama," nikasema kwa sauti, na avenue yote iliyobaki ikasikia. "Jumamosi, kabla ya misa, nitakuletea mtu. Utampiga kofi wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Mimi nitamshika tu."